Tangi Lisilojaa

Shangazi yangu alikuwa hanywi maji baada ya chakula cha mchana. Kiu ikimbana alisukutua, akatema, basi. Mwanzoni nilidhani ni amri ya daktari, maana alikuwa anafanya kazi hospitali, na watu wa hospitali wana amri nyingi. Nilipomuuliza, aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa viatu.

"Nikinywa, si itabidi niende kule?"

Kule ni chooni. Tulikuwa tumepanga chumba kwenye nyumba yenye milango mingi inayotazamana, na mwisho wa ua kulikuwa na choo kimoja cha kuchuchumaa, mlango wake wa bati, unafungwa kwa waya. Asubuhi ilikuwa foleni. Kila mtu na kopo lake mkononi. Mwenye haraka anakohoa kohoa, mwenye tumbo la kuendesha anapishwa bila kuombwa ushahidi, na wapo wanaotuma watoto wao wawashikie nafasi halafu wao wanarudi kulala. Mimi foleni ile niliiona kero, lakini pia sinema ya bure. Kwa Shangazi ilikuwa mateso, kwa sababu ya magoti.

Magoti yake yameharibiwa na kusimama. Alikuwa anapiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali: mashuka, foronya, magauni ya wagonjwa, makoti ya madaktari. Amesimama mbele ya meza ileile tangu kabla sijazaliwa, pasi ileile nzito, mvuke uleule usoni. Jioni anarudi miguu imejaa hadi alama za kandambili zinabaki kwenye ngozi. Kuchuchumaa anaweza. Kuinuka ndiyo shughuli. Mara nyingi nilimsikia ndani ya kile choo akihema na kupapasa ukuta, na mtu wa nje akigonga bati: "Jamani, humo ndani mtu kahamia?"

"Nainuka," alikuwa akijibu. "Ngoja basi niinuke."

Ndiyo maana, mwaka wake wa mwisho kazini, alipoamua kununua nyumba, hakuwa na maneno ya sebule wala vigae wala geti la chuma. Alitaka nyumba ndogo yenye choo cha kukalia, kilicho ndani, kisicho na foleni. Akiba yake yote na kiinua mgongo chake vilikuwa vya kitu hicho kimoja. "Nikazeekee mahali ambapo hakuna mtu atakayenigongea mlango," alisema. Na akikosea kununua, hakuna mara ya pili. Hilo nalo alilisema huku anakunja nguo, kwa sauti ya mtu anayesema kesho ni Jumanne.

Tukapata dalali. Alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka na simu mbili, zote spika zimekufa, kwa hiyo aliongea kwa kupiga kelele hata akiwa hazungumzi na simu. Kila mwisho wa wiki Shangazi alitoka kazini, akavua koti la kazi, tukaanza kutembea nyuma ya viatu vile.

Sikujua kama watu wanauza nyumba za namna ile. Kuna moja choo chake kilikuwa stoo ya baiskeli. Kuna nyingine ilikuwa na choo cha kukalia kizuri kabisa, kina mfuniko wa maua, ila Shangazi alipovuta maji hayakwenda kokote.

"Hiki kimeunganishwa na nini?" aliuliza.

"Bado hakijaunganishwa, bosi," Dalali akajibu. "Lakini kukalia kinakalika."

Kila nyumba Shangazi alianzia chooni. Aliingia na mkoba wake, akafunga mlango, akakaa na nguo zake zote mwilini, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Halafu akajaribu kuinuka. Sisi tulisubiri nje na mwenye nyumba, tukitazamana.

"Wenzako huanza na sebule," Dalali alimwambia siku moja.

"Wenzangu wana magoti."

Nyumba zilipita hivyo hadi mwenyewe akaanza kukata tamaa. Alirudi jioni akajitupa kitandani na viatu. Nilikuwa namvua mimi, naye anazungumza macho yamefumba: "Ile ya leo ilikuwa ya ngapi?" Nikimwambia nimesahau, anasema, "Afadhali."

Halafu tukafika kwa Mzee King'ora.

Mzee huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, wa zamu ya usiku, miaka na miaka, ndipo mtaa ukampa jina hilo. Sasa amestaafu, mkewe alishafariki, na binti yake amemwandalia chumba kwake, anataka aende kuishi naye. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, ina harufu ya sabuni na upweke. Vyumba viwili, sebule, jiko, ua wa nyuma wenye ukuta mrefu kupita kiasi. Na choo. Kilikuwa cheupe, kimeshikamana vizuri na sakafu, kina kidirisha juu kinachoingiza mwanga, na pembeni ukutani kuna bomba la chuma ambalo mzee alilipachika kwa ajili ya marehemu mkewe, la kushika wakati wa kuinuka.

Shangazi akaingia. Akafunga mlango. Tukasubiri. Tukasubiri tena. Dalali akaangalia simu zote mbili. Nikaingiwa na wasiwasi, nikagonga kidogo.

"Usinigongee," akasema kwa upole kutoka ndani. "Sijamaliza kukaa."

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni kwa uchovu. "Ni hii," akaniambia. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Baba, majitaka yanakwenda wapi?"

"Kwenye tangi. Tangi la zege. Nimelichimba kwa mikono hii enzi za nguvu."

"Liko sehemu gani?"

"Huko nyuma," Mzee King'ora akasema, na mkono wake ukaonyesha ua mzima kwa mpigo.

"Na huwa unalinyonyesha baada ya muda gani?"

"Halijawahi kunyonywa. Halijai."

Dalali akapiga makofi. "Umeona, bosi! Nyumba ya watu wenye adabu, hadi tangi lina adabu!"

Shangazi hakucheka. Njiani mimi ndiye niliyekuwa nawaka kwa maswali. Inawezekanaje kitu kitiliwe kila siku kisijae? Kesho yake nilimuuliza mwalimu wetu wa sayansi, mbele ya darasa zima, watu wakavunjika mbavu. Naye akasema hakuna tangi lisilojaa. Kuna tangi linalovuja, na kuna mwenye nyumba mwongo. Nikamfikishia Shangazi jibu hilo lilivyo.

"Nami nimefikiri hivyo hivyo," akasema. "Sitoi hata thumuni kabla sijaliona liko wazi."

Dalali alipoambiwa alishika kichwa. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu ananunua nyumba kwa kufunua choo, watu wananunua kwa kuangalia paa. Shangazi akamwacha amalize. Ana namna hiyo, anamwacha mtu amalize hadi mtu mwenyewe anachoka.

Basi akaletwa dereva wa gari la kunyonya majitaka, mtu mfupi, mchangamfu, anayejipulizia marashi makali kila anapokwenda kazini. Wanamwita Manukato. Alikuja kwanza bila gari, na chuma kirefu chenye ncha, akaanza kuuchomachoma ua wa Mzee King'ora kama anayetafuta mshipa. Mimi nikamfuata nyuma nyuma nikimuuliza, naye akafurahi kuulizwa. Akanieleza kwamba ndani ya tangi vitu hujipanga vyenyewe: juu utando wa mafuta, katikati maji, chini tope. Maji hutoka kwenda kuzama ardhini, tope hubaki, linapanda polepole mwaka hadi mwaka. Lisipotolewa, siku moja hugeuza njia.

"Linarudi lilikotoka," akasema. "Uko zako sebuleni na wageni, unasikia blublublu."

"Usimtishe mnunuzi!" Dalali akafoka.

Manukato akasimama karibu na jiko, akagonga, akasikiliza. "Hapa! Lisipokuwa hapa nikateni kichwa."

Tukachimba. Likatoka gurudumu la gari.

"Kichwa kiletwe," Shangazi akasema, ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ananyoosha mguu.

Akajaribu kwingine, tukapata mizizi. Akajaribu kwingine tena, tukapata kijiko. Muda wote huo Mzee King'ora alikuwa kwenye kiti chake, kofia imeshuka usoni. Nilimwona anazidi kuwa mdogo. Mwishowe Manukato akaamua kufuata bomba lenyewe kutoka chooni. Akafukua kidogo ubavuni mwa nyumba, akalipata, akawa analifuata kwa ncha ya chuma, hatua kwa hatua, tik, tik, tik, hadi ukutani. Bomba likapita chini ya ukuta na kwenda zake.

Manukato akalisimamisha lile gurudumu, akapanda juu yake, akajivuta kwa mikono, akachungulia ng'ambo. "Ala! Hapa si kwa Fundi Redio?"

Kumbe alikuwa anapafahamu, ila siku zote aliingilia mtaa wa pili, ndiyo maana hakujua kwamba nyumba hizi mbili zinapeana mgongo. "Huyu namnyonyea tangi mimi," akasema. "Mtu mmoja, anakula kama ndege, lakini tangi lake linajaa kama la bweni! Kila mwaka namwambia, Fundi, humu ndani umeficha jeshi?"

Tukageuka wote kumtazama Mzee King'ora.

"Baba," Shangazi akasema taratibu, "nani anakaa hapo?"

"Jirani."

"Jirani tu?"

Mzee akavua kofia. "Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Akatueleza, na kila sentensi aliitoa kama mtu anayevua kiatu kinachombana. Walijenga pamoja, nyumba mbili ua mmoja, tangi moja katikati, kwa sababu nani alikuwa anawaza kutengana? Yeye akawa anaendesha gari la wagonjwa usiku kucha, anarudi asubuhi kulala. Mdogo wake anatengeneza redio. Na redio haitengenezwi bila kuwashwa. Mchana kutwa taarifa za habari, mipira, taarabu, matangazo ya vifo, tatu nne kwa wakati mmoja. Akaomba zipunguzwe. Akaambiwa fundi hawezi kusikia ubovu kwa sauti ndogo. Wakarushiana maneno yasiyosahaulika. Alipopata likizo akajenga ukuta, peke yake, mrefu kadiri matofali yalivyomruhusu.

"Juu ya tangi?" Manukato akauliza.

"Juu ya tangi. Mfuniko ukabaki kwake. Nilijua. Nikasema vizuri, harufu akae nayo yeye." Akainamisha kichwa. "Na nikasema, likijaa, atakuja kugonga. Hawezi kulinyonya peke yake, uchafu ni wa wote wawili. Atakuja kugonga, nami nitamfungulia, tutaongea. Nikasubiri. Hakuja. Mwaka ukapita, na mwingine. Nikaona basi, tangi halijai."



Shangazi akainuka kwa kushika fremu ya mlango. Kwenye mkoba wake kulikuwa na pakiti ya bluu, ile ya unga wanayotumia kazini kung'arishia mashuka meupe. Akampa Dalali. "Tukifika huko nitakupigia. Mimina chooni, vuta maji. Tuone kwa macho."

Hakukuwa na njia ya mkato. Ilibidi kutoka mtaani, kuzunguka maduka yote na kuingilia upande wa pili. Shangazi alichechemea njia nzima. Fundi Redio tulimkuta barazani kwake, amezungukwa na maredio yaliyofunguliwa matumbo, moja linasoma habari, jingine linakoroma tu.

"Kama umeleta redio weka mezani," akasema bila kuinua macho.

"Nimeleta swali," Shangazi akasema. "Nataka kununua nyumba ya nyuma."

Mikono yake ikasimama. Alikuwa na pua ileile ya Mzee King'ora, masikio yaleyale. Hakuuliza maswali. Alituongoza nyuma ya nyumba, akaondoa ndoo zilizokuwa juu ya mfuniko wa zege, wakauinua yeye na Manukato. Shangazi akapiga simu. Kutoka ndani ya simu, na pia juu ya ukuta, tukamsikia Dalali akipayuka: "NAMIMINA!"

Tukainama kutazama. Mimi niliziba pua, lakini macho sikufumba hata kidogo. Kwa muda hakuna kitu. Kisha kutoka kwenye bomba la upande wa ukuta maji yakadondoka, yakaporomoka, ya bluu, bluu kama sare ya shule, yakatandaa juu ya ule weusi wote.

"Mbona mnajisumbua," Fundi Redio akasema. "Mngeniuliza tu. Uchafu wa kaka yangu naujua kuliko anavyoujua yeye."

"Na miaka yote unaunyonyesha wewe?"

"Nani mwingine?"

"Kwa nini hukumwambia?"

Akafuta mikono kwenye suruali. "Niende nikagonge, nimwambie nini? Shikamoo kaka, umejaa? Mtu amejenga ukuta hasikii hata hodi yangu. Nikasema bora nimalize mwenyewe, nisimpe sababu ya kunicheka." Akamtazama Shangazi, na uso wake ukafunga. "Lakini, mama, nakwambia mapema. Yule ni ndugu yangu. Wewe sikujui. Siku atakayohama, naziba bomba."

Shangazi hakubishana. Alimshukuru. Tukazunguka tena maduka yale yote.

Mzee King'ora aliposikia alitoa haraka haraka kilichokuwa karibu: atapunguza bei. Dalali akachangamka, macho yakamng'aa. "Punguzo, bosi! Unachimba tangi jipya na chenji inabaki!"

"Nilichimbe wapi?" Shangazi akauliza. "Ua wote huu ni hatua za mtoto, na nyumba imekaa pembeni mwake. Niishi na shimo chini ya kitanda?" Kisha akamgeukia mzee. "Sitaki punguzo, baba. Nataka uende ukagonge."

"Siwezi."

"Ukuta umeujenga wewe."

"Siwezi, mama. Umri umekwenda."

"Na wangu je?" Shangazi akasema. Hakupandisha sauti. Akachukua mkoba wake, tukaondoka.

Siku zilizofuata sijawahi kumwona vile. Kazini aliunguza shuka, jambo ambalo wenzake walilisimulia kama ajali ya barabarani. Dalali alileta habari za nyumba nyingine, na nyingine, naye akamjibu, "Nenda kaangalie wewe, ukakalie kwa niaba yangu." Nilijaribu kumchekesha. Nilimwambia tutanunua kiti, tukitoboe. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, nimechoka hata kucheka, niwekee akiba hicho kicheko." Tarehe ya kustaafu ilikuwa inasogea, na ile foleni ya asubuhi haikupungua mtu.

Jioni moja Dalali akaja anahema. Mzee King'ora anamwita Shangazi. Si simu, anataka aje mwenyewe.

Tulimkuta amevaa koti, amefunga viatu vya kamba, amenyoa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake kama mgeni.

"Sitaki kwenda peke yangu," akasema. "Nikitaka kugeuka, mnizibie njia."

Alikuwa hajakanyaga mtaa ule tangu ajenge ukuta. Tulikwenda mwendo wa magoti mawili mabovu na moyo mmoja mzito. Kila baada ya duka alisimama. Kwenye duka la mwisho akasema amesahau miwani. Shangazi akamwambia haendi kusoma. Akasema koti linambana. Shangazi akamfungua kifungo. Mlangoni kwa Fundi Redio akainua mkono, akaushusha, akauinua. Ndani redio zilikuwa zinalumbana.

Akagonga.

"Nani?"

Mzee akageuka nusu. Shangazi akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Mimi."

Redio moja ikazimwa. "Mimi nani?"

"Wa ng'ambo."

Zikazimwa zote, moja baada ya nyingine. Mlango ukafunguka nusu.

"Umefuata nini?" Fundi Redio akauliza.

"Tangi limejaa."

"Halijajaa. Limenyonywa majuzi tu, kabla ya mvua."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja kugonga."

Nilidhani watakumbatiana, kama kwenye tamthilia. Hawakukumbatiana. Walisimama tu, pua zile mbili zikitazamana, hadi Fundi akasema, "Umezeeka vibaya wewe," na mkubwa akajibu, "Wewe ulianza zamani." Ndipo tukaingia, tukatafutiwa mahali pa kukaa katikati ya vyuma.

"Ungekuja zamani ungeniambia nizime redio," Fundi akasema.

"Ungezima?"

"Nisingezima."

"Ndiyo maana sikuja."

Wakacheka kidogo, kicheko kikavu, kisha kikakwisha na hakuna aliyejua aendelee vipi. Mzee King'ora akasema binti yake ameshampakia chumba rangi. Fundi akauliza rangi gani. Mzee hakujua. Niliona wazi kwamba safari haitaahirishwa. Walikuwa wamechelewa, wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kulisema.

Fundi akamgeukia Shangazi. "Haya, mama. Bomba silizibi. Lakini sikufanyii kama nilivyomfanyia huyu. Mwaka huu mimi, mwaka unaofuata wewe. Na siku ya kunyonya tunakaa wote pale. Nimechoka kusimama peke yangu juu ya shimo kama mfiwa."

Nilijua anachofikiria. Alitafuta nyumba isiyo na zamu ya mtu, na sasa anapewa zamu. Alikuwa ameinama, anasugua goti kwa kiganja, mzunguko, mzunguko.

"Kwa hiyo nitakuwa na zamu," akasema.

"Na mtu mmoja tu," nikamnong'oneza.

"Zamu ni zamu." Akainua kichwa. "Na ukifa wewe? Warithi wako wakauza, nitamgongea nani? Iandikwe kwenye hati ya mauziano kwamba bomba lina haki ya kupita, aje nani aondoke nani."

"Iandikwe," Fundi akasema. "Na iandikwe redio zangu haziguswi."

"Redio zako hazinihusu. Nimefanya kazi na mashine za kufulia zinazonguruma maisha yangu yote. Mimi nalala popote."

Akanyoosha mkono, si kwa kupeana, bali kutafuta cha kushika ili ainuke. Wakamshika ndugu wote wawili, mmoja kila upande.

Tulihamia baada ya Mzee King'ora kuondoka. Shangazi anakaa chooni kadiri anavyotaka, na mimi nimejifunza kutogonga. Asubuhi nyingine nikienda shule namwacha humo, na nikirudi namkuta kwenye kiti, nguo za kupiga pasi za watu wa mtaani zimemzunguka, maana kustaafu kumekuja bila kupumzika. Anasema mwili haujui kwamba umestaafu, haujaambiwa.

Mwaka ukageuka, zamu ikawa yake. Manukato alikuja na gari, marashi yametangulia. Shangazi akazunguka maduka, akafika kwa Fundi Redio anatweta, ndoo zikaondolewa, mfuniko ukainuliwa, mpira mnene ukazamishwa. Injini ikaanza kunguruma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Mimi nilisimama karibu, leso puani, nione kama tope limekaa chini kama nilivyoambiwa.

Fundi alikuwa ametoa kigoda cha karakana, chenye mto uliotatuka, akamwekea Shangazi kandokando ya shimo. Shangazi akakaa, mkoba mapajani. Akamuuliza Fundi habari za kaka yake. Fundi akasema yuko salama, analalamika kwamba kwa binti kuna kimya mno. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Kisha kichwa kikabaki palepale kifuani.

Manukato akapunguza gesi. "Mama amezimia? Ni harufu?"

Fundi akainama, akamsikiliza pumzi. "Amelala," akasema. "Endelea na kazi yako. Pole pole."